Hesabu ya Kutoa Juu ya Himalaya

Mwezi Desemba mwaka 2010, ndege ya injini mbili aina ya Beech King Air ilikatiza anga ya Nepal nzima, mstari baada ya mstari, kila mstari ukiachana na mwenzake kwa maili 6 za baharini, yaani kilomita 11 hivi. Haikubeba watalii wa kuutazama Everest, wala haikuwa na kazi ya kupiga picha za ramani. Ilibeba chombo cha kujibu swali moja kila sekunde: hapa tulipo, dunia inatuvuta kwa nguvu kiasi gani? Kazi hiyo ilifanywa kwa ushirikiano wa taasisi ya anga ya Chuo Kikuu cha Ufundi cha Denmark, Idara ya Upimaji ya Nepal, na shirika la serikali ya Marekani linaloshughulikia ramani za kijeshi, NGA. Waliofuatilia matokeo yake wanajua kwamba swali lile, jepesi kwa kulitamka, ni kati ya mambo magumu kabisa ambayo mtu anaweza kujaribu kuyapima akiwa ndani ya ndege.

Shuleni tulifundishwa kwamba kitu kikiachiwa kianguke, kasi yake huongezeka kwa mita 9.8 kwa sekunde katika kila sekunde inayopita. Tukaiandika namba hiyo kana kwamba ni moja duniani kote. Si moja. Kwenye ncha za dunia ni kubwa kidogo kuliko kwenye Ikweta. Juu ya mwamba mzito ni kubwa kuliko juu ya mchanga mwepesi. Ukipanda ghorofa moja tu, mita tatu na ushei, inapungua, na wapimaji wana kipimo cha upungufu huo: karibu miligali 1, jina lililotokana na Galileo. Miligali moja ni takriban sehemu moja ya milioni ya mvutano wote unaotushikilia ardhini. Wale wa Nepal walilenga kosa lisilozidi miligali chache, juu ya nchi ambayo mvutano wake, hata baada ya kuondoa tofauti za kawaida za latitudo na mwinuko, unapanda na kushuka kwa zaidi ya miligali 400 kutoka tambarare za upande wa India hadi ukingo wa uwanda wa juu wa Tibet.

Kwa nini wasishuke wakapime kwa miguu? Walishapima. Kuna vituo vya ardhini kando ya barabara na kwenye njia za wapanda milima, na pale chombo kinapotulia juu ya mwamba, usahihi wake ndege haiufikii. Ila barabara za milimani hupita mabondeni. Vituo vikifuata barabara, vitasema habari za mabonde na kuacha vilele na miteremko bila shahidi, na ramani itakayochorwa kwa vituo hivyo itakuwa na upendeleo ambao hakuna hesabu ya kuuondoa. Ndege haichagui njia rahisi. Inapita juu ya barafu, juu ya msitu, juu ya genge lisilo na kijia, kwa umbali ule ule kati ya mstari na mstari.

Tatizo la kwanza halina dawa ndani ya ndege yenyewe. Mwaka 1907 Albert Einstein alitambua kwamba mtu aliyefungiwa ndani ya chumba kisicho na dirisha hawezi kujua kama miguu yake inakandamizwa sakafuni kwa sababu dunia inamvuta, au kwa sababu chumba kizima kinapaa kwa kasi inayozidi kuongezeka. Kwa Einstein huo ulikuwa mwanzo wa nadharia kubwa. Kwa mpima mvutano angani ni adha ya kila siku. Hewa ikiinua ndege, chombo kinaona mvutano umeongezeka. Ndege ikizama, kinaona umepungua. Hakidanganyi, maana kwa chombo hali hizo mbili ni kitu kimoja. Mtikisiko wa kawaida, ule unaomfanya abiria ashike mkono wa kiti, unaweza kufikia sehemu ya kumi ya mvutano wa dunia. Hizo ni miligali 100,000, na zinazotafutwa ndani yake ni chache. Ni kama sonara anayepima vumbi la dhahabu kwa mizani iliyowekwa ndani ya jahazi linalopigwa na kusi.

Chombo chenyewe kina historia inayostahili heshima. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, Lucien LaCoste, mwanafunzi wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Texas, alipewa na mwalimu wake Arnold Romberg kazi ya kubuni kifaa cha kupima mitetemo ya dunia. Akaja na springi ya ajabu: imesokotwa kwa namna ambayo nguvu yake inalingana na urefu wake wote, kana kwamba ikiachwa ingejikunja mpaka urefu sifuri. Springi hiyo ikishikilia mkono wenye uzito mdogo ulionyooshwa kwa ulalo, mizani inakuwa nyepesi mno. Badiliko dogo kabisa la mvutano linausogeza mkono kwa kiasi kinachoonekana. Mizani hiyo ikawa gravimita, yaani chombo cha kupima mvutano. Gravimita za LaCoste na Romberg zilienea duniani kote, kwanza ardhini, kisha baharini. Mwaka 1958 moja ilipandishwa kwenye ndege kubwa ya Jeshi la Anga la Marekani katika kituo cha Edwards, California, na kwa mara ya kwanza mvutano ukapimwa ukiwa angani.

Ardhini, mpimaji husubiri mkono utulie ndipo asome. Ndani ya ndege mkono hautulii kamwe. LaCoste alilikubali hilo badala ya kupigana nalo. Aliuzuia mkono kwa hewa iliyobanwa ili usiruke ovyo, kisha akaacha kuuliza mkono uko wapi. Akauliza unakwenda kwa kasi gani. Mwendo wa mkono, ukijumlishwa na mvuto wa springi wakati huo, unatosha kukokotoa nguvu iliyouelemea. Naona hapa fikra ya fundi halisi. Mtu mwingine angetumia maisha yake kutafuta namna ya kutuliza kisichotulizika.

Gravimita hiyo hukaa juu ya jukwaa linalozuiwa na jairoskopu lisiegemee upande. Kazi ya jukwaa ni kuhakikisha mhimili wa chombo unaelekea chini, chini hasa, hata ndege ikiinamisha bawa. Kuinama kidogo kuna gharama mbili: chombo kinapoteza sehemu ya mvutano, na papo hapo kinaonja misukumo ya pembeni ambayo si yake. Ndege inapokata kona, jukwaa linachanganyikiwa, kwa sababu ndani ya kona inayopigwa vizuri hata damu ya rubani inaamini kwamba chini ni sakafu ya ndege. Baada ya kona linahitaji dakika kadhaa kurejea kwenye ukweli. Kwa kasi ya mita 100 kwa sekunde, dakika tatu ni kilomita 18 za data isiyofaa. Ndiyo maana mistari ya upimaji hurefushwa kadiri inavyowezekana, kona hupigwa mbali nje ya eneo, na mtaalamu aliye nyuma hutazama skrini yake kimya mpaka mstari wa jukwaa utulie. Nchi ya milima yenye mipaka ya kimataifa pande zote haitoi nafasi kubwa ya kona pana. Kila mwanzo wa mstari ni mapatano kati ya fizikia na jiografia.

Hapo ndipo rubani anapoingia katika sayansi. Kwa kawaida rubani hodari husifiwa kwa kushika mwinuko aliopangiwa bila kuyumba. Katika kazi hii sifa hiyo ikizidi inakuwa kasoro. Ndege ikishushwa mita kumi na hewa, hapaswi kuirudisha kwa pupa. Kila sahihisho la ghafla ni msukumo mpya ambao chombo kitausoma kama mvutano. Anairudisha polepole, kwa dakika, au anaiacha iende na hewa ilimradi usalama upo. Anaweka nguvu ya injini mahali pamoja na kuiacha. Hafuati mandhari wala hakwepi kila wingu. Marubani wengi hawajawahi kuombwa warushe ndege namna hiyo, na timu za upimaji hurudia kuwatumia wale wale waliokwisha kuielewa.

Lakini utulivu wa rubani unapunguza kelele tu, hauimalizi. Kinachobaki ni lazima kitolewe kwa hesabu, na ili kukitoa ni lazima ndege ijijue. Ikiwa chombo hakiwezi kutofautisha mvutano na mwendo, basi mwendo ujulikane kwa njia nyingine, kutoka nje ya chumba kile kisicho na dirisha. Kwa miaka 30 baada ya Edwards hilo ndilo lililokwamisha kazi. Juu ya bahari au barafu tambarare mtu angeweza kupima umbali wake na uso ulio chini kwa rada. Juu ya milima, uso ulio chini hupanda na kushuka kwa maelfu ya mita, na rada haiwezi kumwambia kama ni yeye aliyepanda au ni ardhi iliyoshuka.

GPS ndiyo iliyofungua dirisha. Miaka ya 1991 na 1992 maabara ya utafiti ya Jeshi la Majini la Marekani ilipima Greenland kwa ndege, kisiwa kizima, kwa kutumia setilaiti kuijua ndege ilipo. Tangu hapo utaratibu haujabadilika sana: kipokezi cha GPS ndani ya ndege, vingine vimesimama ardhini kwenye sehemu zinazojulikana, na baada ya safari hesabu za vyote huunganishwa hadi njia ya ndege ijulikane kwa sentimita. Kutoka kwenye njia hiyo hukokotolewa kasi, na kutoka kwenye kasi hukokotolewa mchapuko, yaani namna kasi ilivyokuwa ikibadilika. Mchapuko huo wa wima hutolewa kwenye usomaji wa gravimita. Kilichobaki kinaanza kufanana na dunia.

Sentimita inatosha? Inategemea unaiuliza kwa muda gani. Ndege ikipanda na kushuka kwa sentimita 1 tu katika mzunguko wa sekunde 100, mchapuko wake ni karibu miligali 4. Sentimita hiyo hiyo katika mzunguko wa sekunde 10 ni karibu miligali 400. Kwa hiyo kosa lile lile dogo la setilaiti, likitokea harakaharaka, linaharibu kila kitu, na likitokea polepole linavumilika. Hapa wapimaji wana bahati moja: hewa hutikisika kwa haraka, milima hubadilika taratibu. Ndege inachukua dakika kadhaa kulipita bonde na safu yake. Basi wanapitisha data kwenye chujio la hesabu linaloondoa kila kinachobadilika ndani ya muda mfupi, kwa kawaida dakika mbili au tatu, na kuacha kinachokwenda pole.

Chujio lina bei yake. Katika dakika mbili hadi tatu ndege ya mita 100 kwa sekunde imekwisha kukata kilomita 12 hadi 18, na chochote kilichokuwa kidogo kuliko hapo kimechujwa pamoja na kelele. Chujio jepesi linaacha milima midogo ionekane, pamoja na milima ya uongo. Chujio zito linatoa ramani laini ya kupendeza iliyopoteza nusu ya ukweli. Hakuna kitabu kinachotaja muda sahihi. Kila timu huuchagua kwa kutazama data ya siku ile, upepo wa siku ile, na kwa kulinganisha sehemu ambazo mistari inakatana: mahali pamoja palipopimwa mara mbili, siku tofauti na mwelekeo tofauti, panapaswa kutoa jibu moja. Tofauti ya majibu hayo ndiyo cheti cha kazi. Nepal cheti hicho kilikuwa kigumu kukisoma, maana mistari iliyokatana mara nyingi ilikuwa kwenye miinuko tofauti, na mvutano wa kilomita 5 juu si mvutano wa kilomita 8.

Kuna kitu kingine cha kutoa, na hiki kinashangaza wengi. Ndege inayokwenda mashariki inaongeza kasi yake juu ya mzunguko wa dunia, na hivyo inakuwa nyepesi kidogo. Inayokwenda magharibi inakuwa nzito. Mtaalamu wa Hungary, Loránd Eötvös, aliligundua hilo alipochunguza vipimo ambavyo Wajerumani walikuwa wamevichukua wakiwa ndani ya meli, na mwaka 1908 likajaribiwa kwenye Bahari Nyeusi kwa meli mbili, moja ikielekea mashariki na nyingine magharibi. Vipimo vikatofautiana kama alivyosema. Kwa meli athari hiyo ni ndogo. Kwa ndege ya mita 100 kwa sekunde kwenye latitudo ya Nepal, kwenda mashariki kunapunguza zaidi ya miligali 1,400, na kwenda magharibi kunaongeza zaidi ya 1,100. Mlima wote wanaoutafuta ni mdogo kuliko athari ya kugeuza pua ya ndege. Na kosa la sentimita 10 kwa sekunde katika kuijua kasi ya ndege linatosha kuleta kosa la miligali moja na nusu.

Mpaka hapa mtu anaweza kudhani kwamba ndege ikishajijua vizuri kazi imekwisha. Juu ya tambarare ingekuwa karibu kuisha. Juu ya Himalaya ndipo inapoanza, kwa sababu ya urefu wa kurukia. Ndege ile ya King Air ilipita kati ya kilomita 4 na kilomita 10 juu ya usawa wa bahari, chini kwa upande wa kusini, juu zaidi kaskazini kwenye vilele. Haikuwa na hiari. Desemba mvua za masika ya Asia zimekwisha na mbingu iko wazi, lakini ni majira ambayo mkondo mkali wa upepo wa juu hulala juu ya nchi hiyo. Upepo huo ukigonga safu ya milima unafanya mawimbi yasiyoonekana upande wa pili, na ndege inayoyakuta huinuliwa na kuzamishwa kwa nguvu. Waliofanya kazi hiyo waliandika kwamba upepo na mawimbi hayo yalikuwa changamoto kubwa. Walioifanya wamezoea kusema kwa kiasi, kwa hiyo sentensi hiyo ina uzito.

Kupaa juu kunaokoa maisha na kunafifisha mlima. Mvutano wa kila umbo hupungua kadiri unavyopanda, na maumbo madogo hufifia kwanza. Chukua safu za milima na mabonde zinazopishana kila kilomita 10. Ukiwa kilomita 5 juu yake, inabaki asilimia 4 tu ya mvutano wake wa chini. Umbo linalojirudia kila kilomita 100 linabakiza asilimia 73. Kwa hiyo wapimaji wanapotaka kurudisha vipimo vyao chini ardhini, ambako ndiko vinakohitajika, wanalazimika kuikuza ile asilimia 4 mara zaidi ya 20, na kila kosa lililojificha ndani yake linakuzwa mara hizo hizo.

Namna walivyolikabili hilo ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote. Maumbo madogo ya mvutano wa milimani yanasababishwa zaidi na milima yenyewe, na milima inaonekana. Mwezi Februari 2000 chombo cha angani Endeavour kiliichora kwa rada sehemu kubwa ya uso wa dunia kwa muda wa siku 11. Ukichukua ramani hiyo ya miinuko na kukadiria uzito wa mwamba, unaweza kukokotoa mvutano wa kila kilele na kila bonde hadi pale ndege ilipopita. Basi unautoa. Maumbo mapana sana, ya mamia ya kilomita, yanajulikana kutoka kwenye setilaiti ya Ulaya iitwayo GOCE, iliyorushwa mwaka 2009. Nayo unayatoa. Kinachobaki mikononi ni kidogo, laini, kisicho na makali, na kitu laini unaweza kukishusha chini kwa hesabu bila kukirarua. Ukishakifikisha, unarudisha ulichokopa: milima, kisha maumbo mapana. Ndege haikuombwa ipime Himalaya yote. Iliombwa ipime ile sehemu ambayo macho na setilaiti havikuwa vimeijua.

Na sehemu hiyo ina habari. Kwa karibu karne tatu sasa milima imekuwa ikiwashangaza wapimaji kwa kuvuta kidogo kuliko inavyoonekana. Mfaransa Pierre Bouguer aliligundua hilo katika safu za Andes miaka ya 1730, alipoona timazi yake ikivutwa na mlima Chimborazo kwa kiasi kidogo mno kuliko hesabu. Nchini India, upimaji uliosimamiwa na George Everest ulionyesha kwamba umbali kati ya Kaliana na Kalianpur ukipimwa kwa nyota haukubaliani na ule uliopimwa ardhini. Tofauti ilikuwa zaidi kidogo ya sekunde 5 za nyuzi. John Henry Pratt, kasisi aliyekuwa Calcutta na mwanahisabati hodari, alikokotoa mwaka 1855 kwamba Himalaya ilipaswa kuivuta timazi kwa tofauti ya karibu sekunde 16. Mlima ulikuwa na deni. Mwaka huo huo George Airy, mwanaastronomia wa serikali ya Uingereza, akaeleza kwamba mlima una mzizi: ganda jepesi la dunia limezama ndani ya tabaka zito lililo chini yake, na wepesi wa mzizi unafidia uzito wa kilele. Leo tunajua kwamba chini ya Himalaya na Tibet ganda hilo hufikia unene wa kilomita 70 hivi, karibu mara mbili ya kawaida ya mabara. Miligali zinazochorwa na ndege ni habari za mzizi huo na za sehemu ambazo fidia yake haijakamilika.

Matumizi ya karibu zaidi ni ya kawaida kuliko hayo: kujua maji yataelekea wapi. GPS inampa mpimaji urefu juu ya umbo la hesabu la dunia, ambalo maji hayalijui. Maji hufuata uso mwingine, uitwao jeoidi, ambao ni usawa wa bahari ukiendelezwa kwa fikra chini ya mabara, ukipanda na kushuka kwa kufuata mvutano. Kusini mwa Sri Lanka uso huo uko zaidi ya mita 100 chini ya umbo la hesabu. Asiyeujua hawezi kugeuza GPS kuwa kimo cha kuchimbia mfereji au kujengea bwawa. Vipimo vya 2010 viliipa Nepal jeoidi yenye kosa linalokadiriwa kuwa sentimita 10 hadi 20, hata chini ya Everest, mahali ambapo hakuna atakayechimba shimo akautazame usawa wa bahari. Baada ya tetemeko kubwa la Aprili 2015 kuleta maswali kama kilele kimeshuka, wapimaji wa Nepal walikipanda Mei 2019, na Wachina Mei 2020. Tarehe 8 Desemba 2020 nchi hizo mbili zilitangaza kimo kimoja: mita 8,848.86. Magazeti yaliwaonyesha wapandaji wakiwa na antena yao kwenye theluji, na walistahili. Lakini antena ilipima upande wa juu tu wa kimo hicho. Upande wa chini, ule unaosema mita zihesabiwe kuanzia wapi, ulitokana na vipimo vya mvutano.

Sisi nasi tuna mlima wa namna hiyo. Kilimanjaro iliandikwa mita 5,895 mwaka 1952, na watoto wa shule wanaikariri namba hiyo hadi leo. Wapima ardhi wa Tanzania na Ujerumani waliipima kwa GPS mwaka 1999 wakapata 5,892 na ushei. Timu nyingine mwaka 2008 ikapata karibu 5,891. Mwamba wa Uhuru haukupungua kwa mita nne. Sehemu ya tofauti hizo inatokana na mahali pa kuanzia kuhesabu, na mahali hapo pasipopimwa mvutano hubaki kuwa makisio. Ethiopia ilipimwa mvutano wake kwa ndege miaka michache kabla ya Nepal, na Tanzania ikafuata kati ya 2012 na 2013. Kazi hizo hazikutangazwa sana, na si rahisi kuzitangaza, kwa kuwa zao lake ni faili la namba analolitumia mhandisi wa maji bila kujua lilikotoka.

Vyombo vinabadilika. Mwaka 2017 wataalamu wa Ufaransa na Denmark walipima juu ya Iceland wakitumia gravimita isiyo na springi kabisa. Ndani yake atomu za rubidi hupozwa kwa leza, huachiwa zianguke, na mwanguko wake ndio kipimo. Springi huchoka, na usomaji wake huhama kidogo kidogo, ndiyo maana gravimita za zamani hupimwa uwanjani kabla na baada ya kila safari ili uchovu huo ujulikane. Atomu hazina uchovu. Hata hivyo zinaanguka ndani ya ndege, na ndege inapanda, inazama, inakwenda mashariki, inakata kona. Atomu safi kuliko springi yoyote bado haijui kama ni dunia iliyoivuta au ni sakafu iliyoinuka. Kwa hiyo ndani ya ndege hiyo mpya bado kuna kipokezi cha GPS, bado kuna rubani asiyeruhusiwa pupa, na baada ya kutua kuna mtu anayekaa kwenye kompyuta kwa wiki nyingi akitoa mwendo wa ndege, kisha mashariki na magharibi, kisha milima inayoonekana, mpaka abaki na kile ambacho hakuna njia nyingine ya kukijua. Ufundi huu utapata vyombo bora kila baada ya miaka. Sehemu ya kujihesabu mwenyewe kabla ya kuihesabu dunia haitarahisishwa na chombo chochote, na wanaoifanya vizuri wanatambulika kwa hilo.